Vitabu Vilivyovishwa Nguo

Katika mtaa ule, ukitaka kunyoa nywele na kupunguza suruali kwa siku moja, ulikwenda nyumba moja tu. Katika chumba cha mbele, upande wa kushoto palikuwa na kiti cha kinyozi. Upande wa kulia palikuwa na cherehani. Kinyozi na mshonaji walikuwa mume na mke, na walikuwa wakibishana tangu siku ya harusi yao. Wateja walipenda kuwasikiliza. Wengine walirudi kunyoa kabla nywele hazijaota.

Mshonaji aliitwa Bi Nyuzi. Jina lake jingine watu walikuwa wamelisahau. Nyuzi zilimganda kwenye gauni, kwenye kilemba, na siku nyingine hata kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke asiyeweza kuona kitu kimeraruka akakiacha hivyo hivyo.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chumba cha kusomea cha mtaa. Kilikuwa chumba kirefu chenye rafu, meza na mabenchi. Vitabu vyake vyote vilikuwa vya kupewa. Vingine vilitoka shuleni, vingine kliniki, vingine kwa watu waliohama. Vingi vilikuwa vimechakaa. Kamati ya mtaa ilipotafuta mtu wa kuvitunza, Bi Nyuzi alijitolea, akakabidhiwa ufunguo.

Alivionea huruma vile vitabu. Akaleta vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi zake. Kila kitabu akakishonea nguo yake, yaani jalada la kitambaa lenye pindo safi na kona zilizokaa sawa. Kisha akavipanga kwa rangi, kama vitambaa dukani. Bluu kwa bluu, nyekundu kwa nyekundu, maua kwa maua. Vijitabu vyembamba vilimsumbua kwa sababu havikuweza kusimama. Basi aliviunganisha viwili viwili au vitatu vitatu, akavivisha nguo moja. Hapo vikasimama.

Chumba kikapendeza. Wageni wa mtaa waliletwa kukiona. Mwenyekiti wa kamati alisema vitabu vile vinavaa vizuri kuliko yeye, na alisema kweli. Bi Nyuzi alifurahi mno. Jambo moja tu hakulitilia maanani. Watu waliingia, wakasifu, wakatoka. Waliokaa kusoma walikuwa wachache sana. Alidhani watu wa mtaa ule ni wavivu wa kusoma, basi.

Shida ilianzia mguuni mwa mumewe.

Kinyozi alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Alimeza dawa zake. Aliacha sukari kwenye chai, akalalamika kwa kila kikombe. Lakini kazi yake ilikuwa ya kusimama kutwa nzima. Kiatu kikamchubua chini ya kidole gumba cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo na hakikuuma. Yeye aliona kutouma ni heri. Bi Nyuzi alimkokota hadi kliniki hata hivyo.

Muuguzi alisafisha kidonda, akakifunga. Alieleza mambo mengi kuhusu miguu ya mtu mwenye kisukari. Mwishoni alisema kuna kijitabu kinachoeleza yote hayo kwa picha. Vyake vilikuwa vimekwisha, lakini kliniki ilikuwa imepeleka kimoja katika chumba cha kusomea cha mtaa wao. Aliwaambia wakitafute, wakisome pamoja.

Walipofika nyumbani, kinyozi aliomba beseni la maji moto.

"Maji moto ya nini?" aliuliza Bi Nyuzi.

"Ya kutia mguu. Nesi alisema maji."

"Maji alisema, ndiyo. Moto sikumsikia."

"Akili ni nywele, mke wangu, kila mtu ana zake," alisema kinyozi. "Na nywele za mtaa huu zote hupitia mikononi mwangu. Uchafu huondoka kwa maji moto."

Hawakukubaliana. Mume alikumbuka nusu ya maneno ya muuguzi. Mke alikumbuka nusu nyingine. Nusu hizo mbili hazikufanya moja nzima. Nayo kliniki ilikuwa imekwisha kufungwa.

Bi Nyuzi akasema ubishi wa nini, na kitabu kipo ng'ambo ya barabara? Angekwenda kukileta. Akamwomba mumewe asitie mguu majini kabla hajarudi.

Alifungua chumba cha kusomea bila wasiwasi. Vitabu vyote alivishona mwenyewe. Angeshindwaje kukipata kimoja? Lakini aliposimama mbele ya rafu, aliona rangi tu. Kijitabu kile alikivisha nini? Alidhani ni kitambaa cha kijani. Akafungua cha kijani cha kwanza, kikamweleza kufuga sungura. Cha pili kilikuwa cha hesabu. Akahamia bluu. Akahamia maua, akakuta kilimo cha viazi, akakirudisha. Baadaye alisahau alikoanzia, akafungua vilevile mara ya pili. Hakuna mgongo hata mmoja uliokuwa na jina. Majina yote alikuwa ameyafunika kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mishono mizuri.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Beseni lilikuwa sakafuni, mvuke ukifuka. Mguu ulikuwa ndani.

"Umechelewa," alisema kinyozi. "Na wala si moto sana. Sisikii chochote."

Asubuhi unyayo ulikuwa umetoka malengelenge. Maji yale yalikuwa ya kuunguza. Kinyozi hakuyasikia kwa sababu kisukari kilikuwa kimeupunguzia mguu wake hisia. Muuguzi aliuinua mguu, akautazama. Kisha akasema, "Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu," alimalizia kinyozi. Safari hii hakutania.

Muuguzi aliwaambia ukweli bila kuzunguka. Kidonda kikienda ndani, kinyozi angeweza kupoteza kidole, au hata mguu. Angekuja kliniki kufungwa upya kila alipoitwa. Lakini utunzaji ulikuwa wa kila siku, na huo ungefanyika nyumbani, mahali ambapo hakuna nesi. Akauliza kama walikipata kile kijitabu.

"Bado," alisema Bi Nyuzi. "Lakini tutakipata."

Siku ile hakugusa cherehani. Alipanda basi, akaenda maktaba kubwa ya mjini. Hakuwahi kuingia humo, na alihisi kila mtu anamtazama nyuzi zake. Akamwona mkutubi, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani. Akamweleza yote bila kuficha. Alieleza mguu, beseni, na vitabu vyenye nguo. Mkutubi hakucheka. Alisema kutembelea vyumba vya kusomea vya mitaani ni sehemu ya kazi yake, na kesho angeanza na chumba cha Bi Nyuzi.

Alipofika, alivua viatu mlangoni kama anayeingia nyumbani kwa mtu. Alishika kitabu kimoja, akapitisha kidole kwenye pindo. Alisema yeye mishono ile haiwezi hata kwa ndoto. Bi Nyuzi akajua kwamba baada ya sifa kuna jambo.

"Mama, mimi ni mteja wako," alisema mkutubi. "Nina kuku, na wanakufa. Jina la kitabu silijui. Aliyekiandika simjui. Nisaidie."

Bi Nyuzi akazigeukia rafu. Alizitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. "Sijui kuku niliwavisha rangi gani," alisema.

Wakacheka wote wawili, ingawa cheko la Bi Nyuzi lilikuwa karibu na machozi.

"Dukani kwa vitambaa, mteja huja kutafuta nini?" aliuliza mkutubi.

"Rangi. Au maua."

"Ndiyo maana duka hupangwa kwa rangi. Na hapa huja kutafuta nini?"

Bi Nyuzi alimfikiria mumewe, na mvuke wa lile beseni. "Hapa mtu huja na shida yake," alisema.

"Basi tuvipange kwa shida zake."

Mkutubi akamuuliza juu ya nguo za wateja zinazosubiri kule nyumbani. Suruali nyeusi zote zinafanana. Huwa anajuaje ipi ni ya nani? Bi Nyuzi akaeleza kwamba kila nguo huibania kipande cha karatasi. Huandika jina la mwenyewe, vipimo vyake, na kazi inayotakiwa. Asipofanya hivyo, mtu mfupi ataondoka na suruali ya mtu mrefu.

Mkutubi alisema hiyo hasa ndiyo kazi ya wakutubi. Kitabu nacho huchukuliwa vipimo. Huandikwa jina la kitabu, jina la mwandishi, na mwaka kilipotolewa. Halafu huandikwa jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kile ambacho kitabu kinahusu. Vitabu vya jambo moja huwekwa pamoja. Vya afya hukaa na vya afya, vya mifugo hukaa na vya mifugo. Kila kundi hupewa namba, na namba hiyo hubandikwa mgongoni mwa kitabu.

"Lakini kitabu kina mwili mmoja," alisema mkutubi. "Hakiwezi kukaa mahali pawili. Kitabu cha maradhi ya kuku, utakiweka kwenye mifugo au kwenye magonjwa?"

"Kwenye mifugo," alisema Bi Nyuzi. Akasita. "Na anayekwenda kutafuta kwenye magonjwa?"

"Huyo tunamwandikia kadi."

Kadi zingekaa ndani ya droo, kwa mpangilio wa alfabeti. Kitabu kimoja kingeweza kuwa na kadi kadhaa. Moja ingeandikwa chini ya jina lake, moja chini ya mwandishi, moja chini ya kuku, moja chini ya magonjwa ya mifugo. Zote zingetaja namba moja, na namba ingempeleka msomaji kwenye rafu moja. Kitabu kina mahali pamoja pa kukaa, lakini milango ya kukifikia huweza kuwa mingi.

Bi Nyuzi alielewa. Kuelewa huko kulimuuma. Alitazama rangi zake zilizopangika. "Kwa hiyo nivue nguo zote hizi?"

Mkutubi alisema hapana. Nguo zinavilinda vitabu na vumbi, na kuteleza si kuanguka. Zifunguliwe dirisha tu mgongoni, jina na namba vionekane. Vile vilivyoshonwa pamoja ndivyo vinavyotaka kufumuliwa, kila kimoja kipate kadi yake. Bi Nyuzi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alichukua mkasi wake mdogo. Alianza na kitabu alichokipenda kuliko vyote, cha hariri ya zambarau, ili asipate nafasi ya kujihurumia.

Kazi ile ilikula siku nyingi. Asubuhi Bi Nyuzi alimfunga mumewe viatu, jioni alikagua bandeji, na katikati alikuwa ng'ambo ya barabara. Mkutubi alikuja kila alipopata nafasi. Alimfundisha asiamini jina la kitabu peke yake. Kulikuwa na kimoja kilichoitwa Mgeni Mwenye Mkia. Bi Nyuzi alikiweka kwenye hadithi. Kumbe kilifundisha kuzuia panya ghalani.

"Jina la kitabu ni kama jina la utani," alisema mkutubi. "Wewe unaitwa Nyuzi, lakini nyuzi huli. Fungua, soma yaliyomo, ndipo uandike."

Maneno nayo yalitaka akili. Mtu mmoja husema kisukari. Mwingine husema ugonjwa wa sukari. Wa tatu husema sukari imempanda. Vitabu vingetawanyika kama kila neno lingepewa mahali pake. Basi walichagua neno moja, kisukari, likawa ndilo la kukusanyia. Kwa maneno mengine waliandika kadi fupi: tazama Kisukari. Bi Nyuzi mwenyewe akaongeza kadi ya miguu: tazama pia Kisukari. Mkutubi aliisoma kadi ile, akavaa miwani, akaisoma tena. Alisema hiyo ni kazi ya mkutubi kamili.

Lakini kijitabu chenyewe kilikuwa bado hakijaonekana. Kila jioni kinyozi aliuliza. Kila jioni Bi Nyuzi alijibu kwamba rafu zilizobaki zimepungua. Hakulala vizuri. Aliapa kwamba hata kama kiko ndani ya kitabu cha mwisho, kitabu hicho atakifumua.

Kilitoka siku ambayo hakukitarajia. Alikuwa anafumua kitabu cha maua mekundu, kile cha viazi. Siku ile ya beseni alifungua ukurasa wa mbele, akaona viazi, akakirudisha. Sasa nyuma ya viazi kulitokea kijitabu kingine, chembamba, chenye picha ya mguu. Alikuwa amevishona pamoja ili visimame.

Bi Nyuzi alivuka barabara bila kutazama upande.

Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Mguu alikuwa ameuweka juu ya kigoda, bandeji imesogezwa kando. Mkononi alikuwa na wembe. Ngozi iliyozunguka kidonda ilikuwa imekauka na kuwa sugu, naye alikuwa amechoka kuitazama.

"Nimenyoa vichwa vya mtaa mzima na sijamkata mtu," alisema alipomwona. "Sugu yangu mwenyewe itanishinda?"

"Weka wembe chini, baba watoto."

"Ni kidogo tu."

"Weka chini. Nitakusomea, halafu ukitaka kukata, ukate."

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kijitabu kilisema: Usikate sugu mwenyewe. Usitumie wembe. Mguu uliopoteza hisia hauwezi kukuonya kwamba umejikata. Mwachie mtu wa afya kazi hiyo.

Kinyozi hakubishana. Alikunja wembe. Bi Nyuzi akairudisha bandeji mahali pake, akaendelea kusoma. Maji ya kuoshea miguu yawe vuguvugu, nayo yapimwe kwa kiwiko. Kati ya vidole pakaushwe vizuri. Mtu asitembee pekupeku. Kila siku nyayo zikaguliwe, na asiyeweza kuona chini ya mguu wake atumie kioo. Vioo katika nyumba ile havikukosekana.

"Kumbe siku zote kilikuwepo," alisema kinyozi.

"Kilikuwepo. Nilikificha mimi. Sikukusudia, lakini nilikificha."

Kinyozi aliutazama mguu wake, kisha akamtazama mkewe. "Na mimi niliunguza mguu nikiwa na akili zangu zote," alisema. "Endelea kusoma."

Walifuata kijitabu na walifuata kliniki. Kinyozi alijifunza kunyoa ameketi kwenye kigoda kirefu, na wateja walimtania kwamba sasa anawanyoa kama mfalme. Kidonda kilianza kukauka kingoni, kikapungua kidogo kidogo, kikafunga. Muuguzi aliubonyeza unyayo kwa dole gumba lake, akaugeuza huku na huku, akasema mguu umepona, ila ukaguzi usiachwe. Bi Nyuzi alilia pale pale kliniki, mbele za watu, wala hakujali.

Chumba cha kusomea nacho kilimalizika. Juu ya kila rafu palikuwa na kibao cha maandishi makubwa: Afya, Mifugo, Kilimo, Ufundi, Sheria, Hadithi. Karibu na mlango palikaa droo za kadi. Mwenyekiti wa kamati alikuja, akanuna. Alisema rangi zimechanganyika kama nguo za mnadani, akauliza wageni watasemaje. Bi Nyuzi hakujitetea. Alimuuliza tu nyumbani kwake kuna shida gani. Mwenyekiti akakiri kwamba paa lake linavuja. Aliondoka na kitabu kwapani, na suala la rangi hakulitaja tena.

Mabenchi yakaanza kujaa. Kumbe watu wa mtaa ule hawakuwa wavivu wa kusoma hata kidogo.

Alasiri moja aliingia mchomeleaji vyuma, jirani yao. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Utani haukumwisha mdomoni. Siku ile aliingia kimya. Bi Nyuzi alikuwa amekaa pembeni, anapinda pindo la gauni. Akamuuliza kama anahitaji msaada.

"Hapana, mama. Natazama tu," alisema yule mtu, macho yake yakiwa sakafuni.

Bi Nyuzi alimshonea ovaroli zake zote. Alimjua kiuno na mabega. Lakini kuna maradhi ambayo mwanamume hawezi kumtajia mshonaji wake, wala kinyozi wake, wala rafiki yake. Akainamia pindo lake.

Mchomeleaji alifungua droo. Vidole vyake vinene vilizipekua kadi taratibu, midomo yake ikicheza kwa kusoma. Alifika kadi moja, akasimama. Ile ikampeleka kwenye droo nyingine. Akaandika namba kiganjani, akaenda kwenye rafu, akafuata migongo ya vitabu mmoja baada ya mwingine. Alitoa kitabu. Alikaa benchi la mwisho, amewapa watu mgongo, akasoma kwa muda mrefu. Kisha alikirudisha mahali pake, akaaga kwa kichwa, akatoka.

Kupitia dirishani Bi Nyuzi alimwona amesimama kando ya barabara. Kushoto kulikuwa na karakana yake. Kulia kulikuwa na kliniki. Alisimama pale akijifuta uso kwa kiganja. Halafu akageuka kulia, akaenda, tena kwa hatua ndefu za mtu aliyekwisha kuamua.

Bi Nyuzi hakujua jirani yake alisoma kitabu gani. Wala hakwenda kutazama.